Mtoto Anaishi Wapi?

Nabintu alikuwa na dada mmoja tu duniani, na tangu utotoni alimpenda kwa upendo uliokuwa na mwiba ndani yake. Dada huyo, Clémence, ndiye aliyezaliwa kwanza, na ndiye aliyepewa sauti. Kule Bukavu alipokuwa akiimba kanisani, watu walisahau hata kukohoa. Akipita mtaani, wamama walimwita aingie anywe chai, na Nabintu aliyekuwa nyuma yake aliingia naye kama mkoba uliobebwa mkononi. Hata marehemu mama yao, akitaka kumtuma yeyote kati ya mabinti zake, ulimi wake ulianza na jina la Clémence.

Vita viliwatoa Bukavu, kambi ikawapokea Burundi, na mwishowe ndege zikawatenganisha huko Marekani. Clémence akapelekwa Buffalo, Nabintu Louisville. Kati ya miji hiyo miwili ni mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Siku ya kuagana Nabintu alilia mpaka kitambaa kikalowa, lakini ndani kabisa ya moyo alijiambia: afadhali. Huko niendako hakuna atakayeniita mdogo wake Clémence.

Na kitu kimoja alikuwa nacho ambacho dada yake hakukipata. Clémence aliolewa, akafiwa na mume, wala hakubahatika kuzaa. Nabintu alikuwa na Grâce.

Waliishi wawili, mama na binti, katika nyumba ya kupanga ya ghorofani huko Okolona, kusini mwa Louisville, jimboni Kentucky. Nabintu alifanya zamu ya usiku katika ghala moja la kufungasha mizigo karibu na hapo. Alirudi asubuhi miguu imevimba, akala kidogo, akalala mpaka alasiri. Grâce alikuwa na miaka kumi na mitano. Zamani alikwenda shule yenye jengo, lakini wasichana wa kwenye basi walimcheka namna alivyozungumza, wakamvuta nywele, na siku moja akarudi nyumbani kwa miguu akitetemeka. Nabintu hakungoja siku ya pili. Alimtoa, akamwandikisha shule ya mtandaoni ya wilaya. Ilikuwa shule ya serikali kama nyingine, yenye walimu na mitihani, ila darasa lake lilikuwa ndani ya kompyuta.

Tangu hapo mchana wa nyumba ile ulikuwa wa kimya. Mama alilala chumbani, pazia limefungwa. Binti alikaa mezani na visikizi masikioni, akitembea kwa ncha za vidole. Jioni walionana mama akijiandaa kwenda kazini. "Masomo yalikuwa aje?" Nabintu aliuliza. "Fine," Grâce alijibu. Chakula? Fine. Kila kitu kilikuwa fine. Nabintu aliona ndivyo watoto wa Marekani walivyo, akashukuru kwamba angalau wake yuko ndani, salama.

Mwezi wa Januari Clémence aliteleza kwenye barafu, kwenye ngazi za ile nyumba kuukuu ya mbao aliyopanga West Side, Buffalo. Mguu ulivunjika vibaya, akafanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani na magongo. Akampigia mdogo wake simu akilia.

"Nabintu, niko peke yangu humu ndani. Hata kufika kwa sufuria ni shida. Watu ya kanisa wanakuyaka kuniangalia, lakini kila mutu na kazi yake."

Ni Nabintu mwenyewe aliyetoa wazo. "Yaya," alisema, kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa, "nitakutumia Grâce. Shule yake iko mu kompyuta. Atasomea hapo kwako, na akimaliza atakusaidia."

Aliposikia dada yake akinyamaza kwa mshangao, kisha akibubujikwa na shukrani, Nabintu alijisikia mrefu. Kwa mara ya kwanza maishani Clémence alihitaji kitu kilichokuwa chake.

Alipiga simu shuleni kupitia mkalimani, mwanamume wa Kitanzania kwa lafudhi yake. Mshauri wa wanafunzi alieleza kanuni polepole. Shule ile ni ya watoto wa wilaya yao. Mwanafunzi akisafiri kwa muda kwa sababu ya kifamilia, si neno, mradi makazi ya mzazi wake yabaki palepale, yeye ahudhurie vipindi kila siku, na siku ya kurudi ijulikane. Mitihani ya jimbo ya mwisho wa mwaka lazima aje aifanye Louisville ana kwa ana. Lakini mtoto akihama kabisa, shule yake ni ya kule anakoishi.

"Donc, basi, ni ya kuenda na kurudi," Nabintu alisema.

"Ya kwenda na kurudi, mama," mkalimani akathibitisha. Wakaandika kwamba Grâce angerudi mwisho wa Februari.

Wiki ya kwanza simu zilikuwa zilezile. Fine, fine. Wiki ya pili Grâce alipiga mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akageuza simu kumwonyesha mama yake sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, inayochemka. Sombe! Mtoto aliyekuwa akiziba pua likifunguliwa bakuli la sombe. "Nimetwanga mimi mwenyewe," akasema, tena kwa Kiswahili, na nyuma yake Clémence akacheka kile kicheko chake cha kujaza chumba, na Grâce naye akacheka. Nabintu alitazama meno ya binti yake. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuyaona yote namna ile.

"Unapika sombe kwa wengine," alisema kwa utani uliotoka mgumu.

"Mama mukubwa ananifundisha."

Basi kuanzia hapo kila sentensi ilianza na mama mukubwa. Mama mukubwa anasema nina sauti. Mama mukubwa amenisuka. Mama mukubwa aliniambia vile babu alivyokuwa anaiba asali. Nabintu aliijua hadithi hiyo ya asali kumzidi Clémence, maana yeye ndiye aliyekuwa na babu siku ile. Lakini hakuwahi kumsimulia mtoto, na sasa imesimuliwa na mwingine. Kisha neno mukubwa likaanza kudondoka. Siku moja kompyuta ilizingua katikati ya maongezi na Grâce akaita kwa sauti, "Mama!" Nabintu akaitika, "Niko hapa." Grâce alikuwa amegeukia upande wa pili. Hakuwa akimwita yeye.

Wala hapakuwa na kosa la kulalamikia. Kwao, dada wa mama ni mama. Nabintu mwenyewe alikuwa amemfundisha hivyo. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba alichomwa na hakuwa na mahali pa kuonyesha kidonda.

Mwisho wa Februari ulipokaribia, Grâce aliomba aongezewe muda. Mguu wa mama mukubwa bado, alisema, na kwaya inajiandaa kwa Pasaka, na kwani asibaki mpaka likizo ya kiangazi? Nabintu akaiarifu shule kwamba dada bado mgonjwa, wakamwongezea wiki kadhaa. Lakini usingizi wake wa mchana uliisha. Sasa nyumba ilikuwa kimya kweli, na yeye alilala macho wazi akisikiliza.

Jumapili moja alifungua simu kutazama ibada ya kanisa la Buffalo. Kwaya ikasimama. Mbele kabisa alikuwa Grâce, amevaa kitenge cha kijani na njano, na kando yake, kwenye kiti, magongo ukutani, Clémence katika kitenge kilekile. Grâce akaimba ubeti mzima peke yake. Ilikuwa sauti ya Clémence. Sauti ile iliyomruka Nabintu kama maji yanavyoruka jiwe, ikaenda kutua kwa mtoto wake, na akawa wa mwisho kujua. Walipomaliza, mchungaji alipiga makofi, akasema, "Bwana asifiwe! Mama Clémence na binti yake!"

Nabintu aliisogeza simu karibu na uso. Alingoja Clémence atikise kichwa, aseme si wangu, ni wa mdogo wangu. Clémence aliinamisha kichwa, akatabasamu, akakishika kiganja cha Grâce.

Angeweza kumpigia siku ileile na kusema, nirudishie mtoto. Lakini alizisikia tayari sauti za watu: angalia roho ya Nabintu, amemwacha dada yake na mguu uliovunjika kwa sababu ya wivu. Alitaka mtoto arudi, ila alitaka kuwe na mtu mwingine wa kulaumiwa. Na mtu huyo, alipowaza sana, alikuwa shule.

Jumatatu aliporudi kutoka kazini hakulala. Akapiga.

"Mimi ni mama ya Grâce," alimwambia mkalimani, safari hii mwanamke. "Nataka shule ijue, Grâce haiko tena hapa. Iko naishi Buffalo."

"Amehamia huko, mama?"

Nabintu akasita. Ilikuwa nafasi ya kurudi nyuma, na aliiona.

"Ndiyo. Amehamia."

"Wanauliza kama kuna tarehe ya kurudi."

"Hakuna tarehe. Hataki kurudi." Kisha akaongeza haraka, "Sasa wao wamwambie kanuni. Wamwambie ni lazima arudi nyumbani kwake."

Mkalimani aliyahamisha maneno yote. Vidole vikasikika vikigonga kompyuta.

"Wanasema asante kwa kuwajulisha, mama. Watashughulikia."

Siku mbili baadaye, Grâce alipiga akilia. Alianza kwa Kiingereza, maneno yakagongana, akahamia Kiswahili. "Mama, wamenitoa! Nimefungua darasa, limekataa. Nimeandikia mwalimu, ananiambia siko tena mwanafunzi wao. Wanasema nimehama. Nani aliwaambia nimehama?"

Haya, na isemwe: ulikuwa utamu. Nabintu aliona aibu baadaye, lakini wakati ule furaha ilimpanda kifuani kama chai ya moto. "Pole, mutoto yangu. Shule ni shule. Fungasha, urudi nyumbani."

Lakini simu ilichukuliwa, na sauti iliyofuata ilikuwa ya Clémence, tulivu na imara. "Usiogope, Nabintu. Nimeisha kuuliza. Kama shule ya huko imesema mutoto anaishi Buffalo, bon, Buffalo iko na mashule. Mutoto anasoma kwenye analala. Nitamuandikisha hapa. Kuna karatasi moja tu ya kusaini, wewe kama mama."

Ile chai ya moto ikawa barafu. Nabintu alibaki ameshika simu. Hakuwa amemvuta mtoto. Alikuwa amemsukuma, kwa mkono wake mwenyewe, mpaka mlangoni kwa dada yake.

"Karatasi gani?" akauliza.

"Ya kusema niko namulea mimi."

Walikubaliana wakutane Columbus, ambayo iko njiani kati yao. Kulikuwa na Jemimah kule, Mkenya aliyesoma chuo Louisville na kusali kanisa moja na Nabintu, akimsaidia kusoma barua zake za Kiingereza. Sasa Jemimah aliishi Westerville, kaskazini mwa Columbus, akifanya kazi katika ofisi ya kuandikisha wanafunzi ya wilaya moja ya huko. Kanuni hizi ndizo zilizokuwa mkate wake. "Kujeni tu kwangu Ijumaa, niko off," alisema. "Msisaini kitu kabla sijaiona."

Nabintu aliendesha gari tangu asubuhi, mikono imekaza usukani. Alipofika, gari la Sylveri, shemasi wa kanisa la Buffalo aliyejitolea kuwaleta, lilikuwa limeshaondoka. Alikuwa na binamu wa kumsalimia mjini. Sebuleni Clémence alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mto. Alikuwa amekonda. Grâce alisimama, akamkumbatia mama yake, na Nabintu akanusa kwenye nywele zake mafuta ya dada yake. Akamwachia upesi.

Jemimah aliwawekea chapati na kuku, akaombea chakula, wakala kidogo bila hamu. Kisha akaichukua ile karatasi aliyoileta Clémence, akaisoma kimya, halafu akawaeleza.

"Okay. Mama Grâce, hii si ya kusaini hivi hivi tu. Hapa inasema mtoto anaishi na shangazi—sorry, na mama mkubwa—na kwamba wewe umempa yeye mamlaka yote. Shule, hospitali, kila kitu. Si ya wiki mbili. Ni kusema malezi yametoka kwako, yameenda kwake. Bila hiyo, huko Buffalo watauliza kwa nini mtoto ambaye mama yake yuko Kentucky anasoma kwao."

Clémence aliangalia mguu wake.

"Lakini kuna kitu sielewi," Jemimah akaendelea. "Shule ya Louisville ilikuwa imekubali safari. Nyumba ya mama iko palepale, mtoto anahudhuria. Shule haiamki tu asubuhi ikamtoa mtoto. Lazima mtu aliwapigia akasema amehama."

"Ndo maana nasema ni wivu!" Clémence akapiga paja. "Mutu ameona huyu mutoto anaendelea muzuri, moyo ukamuwaka. Nabintu, huko kwenu iko na nani mwenye roho mubaya vile?"

Nabintu alisogeza sahani yake. "Watu ni wengi," alisema.

"Ni Spés," Grâce akasema.

Wote wakamgeukia. Spés alikuwa binti wa Mutware, baba wa familia ya Kirundi iliyoishi ghorofa ya chini yao pale Okolona. Alikuwa rafiki pekee wa Grâce mji mzima, msichana mwenye miwani aliyekuwa akigonga mlango taratibu ili asimwamshe mama wa mwenzake.

"Ni yeye peke yake nilimwambia nataka kubaki Buffalo," Grâce alisema. Macho yalikuwa yamejaa. "Alikasirika. Alisema nimemwacha. Sasa ameenda kuwaambia. Nimemwandikia maneno mabaya, mama. Nimemwambia ni nyoka, kisha nikamfungia kwa simu. Sitamsalimia tena mpaka nife."

"Na muko naishi jengo moja," Clémence akasikitika. "Watoto ya siku hizi!"

Njia ilikuwa wazi mbele ya Nabintu, pana na laini. Angenyamaza tu. Lawama ingeshuka ghorofa ya chini, kwa mtoto wa watu, na kubaki huko. Alimtazama binti yake akijifuta machozi kwa nyuma ya mkono, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne kambini, na akaona kwamba amemwondolea shule, sasa anamwondolea na rafiki.

"Si Spés," alisema.

"Unajuaje?" Grâce aliuliza.

"Ni mimi."

Hawakuelewa mara moja. Ikabidi aseme tena, yote, kwa maneno machache: alipiga mwenyewe, aliulizwa kama mtoto amehama akasema ndiyo, aliulizwa tarehe ya kurudi akasema hakuna. "Nilizania watakuambia urudi. Sikujua watakutoa."

Grâce aliinuka bila kusema, akafungua mlango wa nyuma, akatoka. Jemimah akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, akaingia jikoni na kuufunga mlango.

Wakabaki dada wawili.

"Ungeniambia tu," Clémence alisema hatimaye. "Ungesema, yaya, namutaka mutoto yangu."

"Ungemurudisha?"

Clémence alipanga magongo yake, akayapangua. "Apana," akasema. "Ningetafuta sababu. Ningesema mguu." Kisha, bila kumtazama: "Ule siku pasta alisema 'binti yake', nilisikia. Nilijua unaangaliaka ile ibada. Nikanyamaza tu. Miaka yote watu wananipigia makofi, Nabintu, kisha wanarudi nyumbani kwao na watoto wao. Wewe unafikiri ni nani alikuwa na wivu?"

Nabintu alitaka kusikia maneno hayo tangu akiwa msichana. Alikuwa akidhani yangekuwa matamu. Alipoyapata hakujua pa kuyaweka. Alisogeza tu mto uliokuwa ukiteleza chini ya mguu wa dada yake, akatoka nje.

Grâce alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma, koti halijafungwa. Nabintu akakaa ngazi ya chini yake.

"Una haki ya kukasirika."

Grâce akajibu kwa Kiingereza, haraka, kwamba hakuhitaji kuambiwa hivyo. Kisha akageuza ulimi, na Kiswahili chake kilikuwa na mawimbi ya Clémence ndani yake, na hata pale, hata kwa aibu aliyokuwa nayo, Nabintu alichomwa.

"Unafikiri nampenda yeye kukupita."

"Sijasema."

"Unafikiri. Mama, kwako sisemagi kitu juu ya vile unalala. Kila siku. Natembea hivi," akaonyesha kwa vidole viwili juu ya goti, polepole, kama mwizi. "Miaka miwili nimekaa na watu ya kwenye skrini. Siku zingine nafika jioni sijatoa sauti hata mara moja. Kwa mama mukubwa watu wanaingia, wanatoka, wanapiga kelele. Ni kelele tu nilikuwa napenda."

Nabintu alikuwa amejifikiria kama mlango uliomzuilia mtoto mabaya ya nje. Hakuwahi kufikiri mlango huohuo ulimfungia ndani.

"Nilikutoa shule juu ya wale wasichana," alisema.

"Nilikuwa mdogo. Sasa nataka shule iko na watu."

"Na ukirudi? Utarudi?"

Grâce alichelewa kujibu, na Nabintu akaacha achelewe.

"Nataka kuimba Pasaka kwanza," alisema. "Nimefanya mazoezi. Kisha nitakuja. Lakini bado nimekukasirikia."

"Sawa."

Waliporudi ndani, Jemimah alikuwa amekwisha tafuta namba ya shule na kuweka simu mezani. "Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza ni hii karatasi. Ya pili, Mama Grâce, uwapigie sasa hivi, kabla wikendi, uwaambie habari uliyowapa haikuwa kweli. Nyumba yake ni Louisville, yuko Buffalo kwa muda, atarudi tarehe hii. Ni siku chache tu zimepita. Wakikubali watamrudisha darasani. Lakini lazima iwe wewe. Mimi siwezi kusema kwa niaba yako."

Clémence alivuta ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba wake bila kuombwa. Nabintu aliliona hilo.

Mkalimani wa safari hii alikuwa yuleyule wa kiume wa mwanzo. Nabintu alizungumza mbele ya wote watatu. Alisema: niliwadanganya. Mkalimani akauliza kama amesikia vizuri. Akarudia: niliwadanganya, mtoto hakuhama, nilikuwa na hasira. Mshauri akauliza, kwa sauti ya upole, mtoto anaishi wapi.

"Anaishi Okolona, na mimi," Nabintu alisema. "Iko kwa dada yangu kwa sasa. Atarudi kisha Pasaka."

Iliwachukua shule hadi Jumatano kumfungulia Grâce darasa, baada ya Nabintu kupeleka tena uthibitisho wa makazi na kuonywa kwamba vipindi alivyokosa atavifidia. Jioni ya ile Ijumaa Sylveri alikuja kuwachukua, na Nabintu alisimama mbele ya nyumba ya Jemimah akitazama gari likikunja kona na mtoto wake ndani. Halikuwa jambo jepesi. Njia nzima ya kurudi Louisville alikuwa akiwaona katika mawazo, kichwa cha Grâce kikiegemea bega la Clémence, na hakuna maungamo yaliyoweza kuifuta picha hiyo.

Kesho yake alishuka ghorofa ya chini, akagonga kwa Mutware. Alimwomba Spés msamaha mbele ya wazazi wake. Msichana alisikiliza, miwani imemteleza puani, akasema amesikia. Na Grâce, alipomfungulia simu na kumwandikia, alijibiwa neno moja baada ya siku nyingi. Urafiki wao ulirudi, ila ulirudi ukichechemea, na mpaka leo kuna mambo Spés hamwambii.

Grâce aliimba Pasaka. Nabintu hakutazama kwenye simu; alikwenda mwenyewe Buffalo, akakaa benchi la tatu, na mchungaji aliposimama kupiga makofi, Clémence alinyanyuka kwa gongo moja, akasema kwa sauti iliyofika nyuma, "Huyu ni mutoto ya mudogo wangu. Mama yake ni ule pale." Watu wote wakageuka. Nabintu alitamani ardhi imfiche, na wakati huohuo alitamani waendelee kugeuka.

Mama na binti wakarudi Louisville pamoja. Grâce alifanya mitihani yake ana kwa ana katika ukumbi uliojaa wanafunzi wa mtandaoni waliokuwa hawajawahi kuonana, akarudi na namba za simu za wawili. Nabintu aliomba zamu ya mchana. Ghalani walimzungusha mpaka Julai, wakampa.

Mwezi wa Agosti walikwenda kumwandikisha shule yenye jengo. Karani aliwauliza maswali, na safari hii Grâce ndiye aliyetafsiri. Jina la mama, anuani, wanaishi hapo tangu lini. Kisha karani akauliza, mama asipopatikana mtoto akiugua, tumpigie nani?

"Mama mukubwa," Grâce alisema mara moja, hata kabla ya kutafsiri.

Nabintu alisita. Kisha akaitaja namba ya Clémence, tarakimu moja moja, kwa kichwa.

Karani akaiangalia. Akauliza hiyo ni namba ya wapi. Akaambiwa Buffalo. Akatikisa kichwa, akaeleza kwamba haifai: wanataka mtu anayeweza kufika shuleni, na Buffalo ni mbali mno. Je, hakuna wa karibu?

Na Nabintu, Mungu amsamehe, alisikia kitu kitamu kikimshuka polepole kooni.

"Andikeni Mutware," alisema. "Anaishi chini yetu."

Grâce alimgeukia, akamtazama usoni kwa makini, kisha akaanza kucheka, meno yote nje, katikati ya ofisi ya watu. "Mama! Unafurahi!"

"Sijafurahi."

"Unafurahi. Nitamwambia mama mukubwa."

"Mwambie," Nabintu alisema, akijitahidi kukunja uso, akashindwa. "Mwambie ni mbali mno."